Cheo cha Shemeji

Katika kazi ya udobi kuna makosa yanayosameheka. Shati likirudi na mkunjo, mteja atanung'unika na shati litarudishwa mezani. Kifungo kikipotea, kitashonwa kingine. Lakini kulikuwa na kosa moja ambalo mwenye duka, mama mmoja mnene ambaye miwani haikukaa puani pake, hakumsamehe mtu yeyote: kubandua namba ya nguo hii na kuibana kwenye nguo ile.

"Nguo haina mdomo," alikuwa akisema. "Namba ndiyo inayoisemea. Ukiibadilisha, umeifundisha nguo kusema uongo."

Mwanamke aliyepiga pasi katika chumba cha nyuma aliyasikia maneno hayo tangu siku yake ya kwanza kazini. Duka zima lilimwita Pasi, naye aliridhika na jina hilo kiasi kwamba hata alipojiandikisha kwenye mchezo wa simu, aliandika hilohilo.

Ulikuwa mchezo wa watu watano dhidi ya watano. Kila upande una ngome na minara ya kuilinda, na atakayeibomoa ngome ya mwenzake ndiye mshindi. Wachezaji hugawana kazi: wa ngao, wa upinde, wa upanga, wa uchawi, na mganga. Aliyeuawa hungoja kidogo, kisha hufufuka ngomeni kwake. Pasi alikuwa mganga. Alikimbia nyuma ya wenzake akiwatibu majeraha, hakuua mtu, wala hakuna aliyemsifu.

Vyeo vilipanda kama ngazi: Shaba, Fedha, Dhahabu, Johari, na juu kabisa Almasi. Ukishinda unapewa alama, ukishindwa unapokonywa. Ila mashine ya mchezo nayo ilikuwa na wapenzi wake. Kwenye upande ulioshindwa, mchezaji mmoja aliyeng'ara hakupunguziwa kitu, na kung'ara, kwa hesabu za mashine, ni kuua. Aliyeokoa wenzake hakuwa na mahali pake. Ndiyo maana Pasi alikwama Johari msimu baada ya msimu, akipanda vidato viwili na kushuka kimoja, na mara nyingine kinyume chake.

"Mganga hajigangi," mumewe, dereva wa lori, humtania kila akirudi safari.

"Wewe endesha lori lako," Pasi humjibu. "Siku nikifika Almasi utanifungulia mlango wa gari kama bibi harusi."

Sasa siku hiyo ilikuwa imesogea mpaka kizingitini. Mwanamke mmoja ambaye kwenye mchezo huo kila mtu alimjua kwa jina la Nahodha alikuwa akiunda timu ya kwenda kwenye ligi, na alikuwa amemwandikia: "Waganga wazuri ni wachache. Nakutaka wewe. Lakini sheria ya ligi haina mlango wa nyuma: wote watano tuwe Almasi msimu ukifungwa, Jumapili saa kumi na mbili jioni. Ukichelewa, nina mwingine anayesubiri."

Hakuna aliyewahi kumwambia Pasi "nakutaka wewe" kwa ajili ya kitu alichokifanya kwa vidole vyake bila pasi ndani yake. Aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama, akausoma tena akiwa ameketi.

Jumapili yenyewe ikafika. Kulikuwa na makoti meupe ya hospitali yaliyotakiwa asubuhi inayofuata, kwa hiyo alikuja kazini, akapiga pasi, akacheza, akapiga pasi, akacheza. Ilipogonga saa kumi na moja na robo jioni, alama zake zilikuwa zimefika mahali ambapo alihitaji ushindi mmoja. Mechi moja huchukua nusu saa au zaidi. Alisimamisha pasi kwa kisigino chake, akajifuta viganja kwa aproni, akavaa hedifoni, akabonyeza.

Mashine ikatafuta watu kumi wenye vyeo vya kukaribiana. Majina ya wenzake yakatokea moja baada ya jingine. Radi, wa upinde. Mzee Kobe, wa ngao. Kimya, wa uchawi. Na wa tano, wa upanga: Cheche.

Aliinua macho kutoka kwenye simu, akatazama dirishani.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma. Jumapili haikuwa na kazi, lakini vijana wa pale walikuja vivyo hivyo, kama kuku wanaorudi bandani hata mlango ukiwa umefungwa. Walikuwa wamejazana kwenye benchi chini ya bati, vichwa vimeinamia simu moja. Aliyeishika, hedifoni masikioni, alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na Cheche lilikuwa jina lake la mchezoni.

Kisa cha cheo cha jina lile Pasi alikijua kuliko mtu mwingine, maana alikuwa na mkono wake ndani yake.

Mwanzoni mwa msimu shemeji alikuwa Shaba, cheo cha chini kabisa, na vijana wa karakana wakafanya Shaba ndilo jina lake. Shaba lete koleo. Shaba, mchumba wako amepiga simu. Siku moja alikuja dukani akasimama mlangoni akizungusha kofia mkononi.

"Shemeji, nipandishe. Ucheze wewe kwa simu yangu, unifikishe Dhahabu tu. Hapo nitajishikilia mwenyewe."

"Utajishikilia kwa nini, na wewe unakimbia ukiona kivuli chako?"

"Shemeji, mimi ni mdogo wako. Ukinicheka wewe, wao watanizika."

Akamhurumia. Huo ndio ulikuwa ukweli, lakini haukuwa wote. Kwenye simu ile aliweza kuuweka kando uganga na kushika upanga, na alitaka kuona mashine itampa nini. Ikampa kila kitu. Saa za chakula cha mchana, kijiko mkono mmoja, alipaa kutoka Shaba hadi Fedha, hadi Dhahabu, akasahau kusimama, akafika Johari. Njia iliyomla misimu mitatu akiokoa watu, aliimaliza kwa muda mfupi sana akiwaua. Alicheka kwa uchungu siku ile, akamrudishia kijana simu yake.

"Kitazame tu hicho cheo," alimwonya. "Usikichezee mechi za vyeo."

"Naapa, shemeji."

Alichosahau ni kwamba cheo kisichotumiwa hushuka msimu ukifungwa. Shemeji naye aliligundua hilo siku ya mwisho, akaona haya kumwambia, akaamua kucheza mechi moja tu, hata akishindwa, ili Johari yake isimponyoke. Na mashine, ambayo haimjui shemeji wala wifi, ikaona Johari wawili, ikawaweka pamoja.

Mechi ikaanza.

Kabla minara haijaguswa, Cheche alikuwa amekwisha kufa mara moja. Alikimbilia katikati ya adui kama mtu anayekimbilia basi.

"Huyu wa upanga vipi?" Radi alisema kwenye hedifoni. Sauti yake ilikuwa ya kijana, kavu na ya haraka. "Ndugu, upanga unashikwa kwenye mpini."

"Mwache," akajibu Mzee Kobe, kwa sauti nzito ya mtu anayetafuna kitu. "Labda alikuwa anakata vitunguu, hajajua vita vimeanza."

Pasi hakucheka. Alikuwa akiitazama saa ndogo pembeni ya kioo. Mchezo ule ulikuwa na sheria yake: mchezaji akitoka katika dakika tatu za mwanzo, mechi inafutwa, hakuna anayepoteza kitu isipokuwa aliyetoka, naye hushushwa mpaka chini kabisa, Shaba. Cheche akitoka sasa, Pasi angepata muda wa mechi nyingine, yenye watano wa kweli. Akibaki, hapakuwa na nyingine kabla ya saa kumi na mbili.

Aliwasha maiki. Wageni watatu wangemsikia, lakini hapakuwa na njia nyingine.

"Shemeji. Ni mimi. Toka."

Ng'ambo ya barabara alimwona akiinua kichwa. Macho yake yalitafuta dirisha la duka, yakalipata. Kisha midomo yake ikacheza, na baada ya kitambo, kama mlio wa shoka unaomfikia mtu aliye mbali, sauti ikaingia masikioni mwa Pasi.

"Shemeji? Wewe ndiye Pasi wa hapa?"

"Ndiyo mimi. Nahitaji ushindi mmoja niende ligi. Toka mechi ifutwe. Nakuomba."

"Nikitoka narudi Shaba."

"Nitakupandisha tena."

"Wamenizunguka, shemeji. Wananiona." Alikuwa akinong'ona, ameiinamia simu kama mtu anayesali. "Umenivika nguo mwenyewe, halafu unaniambia niivue mbele za watu?"

Saa ikasogea. Mzee Kobe aliacha kutafuna.

"Samahani," Radi akaingilia. "Nani amempandisha nani?"

Dakika ya tatu ikaisha, na ile alama ya mlango, ambayo mchezaji hubonyeza kutoka, ikageuka kijivu. Haikuwa na maana tena. Pasi akajishikiza kwenye ukingo wa meza, palepale penye makoti meupe, kila moja na namba yake imebanwa kolani.

Cheche akafa mara ya pili.

"Tumshtaki," alisema Radi. "Tukimaliza, wote tumshtaki, akaunti ifungwe. Nimetoka Dhahabu kwa jasho langu, tena kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Halafu mtu amenunua cheo sokoni kama nyanya!"

"Hakununua," Pasi alisema.

"Sasa amekipata wapi?"

Kule nje vijana walikuwa wakimpiga shemeji mabegani, wakidhani kufa kwake ni mbinu. Shemeji hakuwa akitabasamu. Alikuwa akilitazama dirisha.

"Kwangu," Pasi alisema. "Nilicheza mimi kwa simu yake. Hicho cheo si chake, ni changu, nimembandika. Kama kuna wa kutukanwa, nitukaneni mimi."

Hata yule aitwaye Kimya akaonekana amesimama pale alipokuwa. Kisha Mzee Kobe akaanza kucheka, polepole, kicheko kinachoanzia tumboni.

"Wenzangu," alisema, "kumbe mganga ndiye mchawi!"

Radi alijaribu kukaa na hasira yake, akashindwa. "Haya, mchawi. Na huyu uliyemloga tunamfanya nini?"

Hilo ndilo swali ambalo Pasi hakuwahi kujiuliza. Muda wote ule wa mchana, kijiko mkononi, alikuwa amemchezea kijana. Hakuwahi kumfundisha hata hatua moja.

"Shemeji," alisema, "unaona ule mnara wetu wa kushoto? Nenda ukasimame nyuma yake."

"Nyuma kabisa?"

"Kama unajificha mvua. Sasa ngoja. Adui akiupiga mnara, mnara utampiga na yeye. Akishachoka ndipo unatoka. Usimfuate akikimbia. Sikia, usimfuate hata akikutukania mchumba."

"Na akimtukana mama?"

"Mama ni mkwe wangu, nitamfuata mimi. Wewe kaa."

Akakaa. Pasi akasimama nyuma yake, akimmwagia dawa kila alipokwaruzwa, na kazi nyingine zote akiwaachia wale watatu. Na ajabu, mechi ikaanza kukaza. Mzee Kobe alizuia njia ya kati kama jiwe mlangoni. Kimya alirusha moto wake bila neno. Radi, mdomo mrefu na mishale mirefu zaidi, aliangusha mnara, akaangusha wa pili. Adui nao wakaangusha minara ya kina Pasi. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika chache, kila upande ulikuwa umebaki na mnara mmoja na ngome.

Mwenye duka alichungulia kutoka mbele. "Pasi, hayo makoti..."

"Mama, naomba usiseme na mimi sasa hivi."

Mama yule akashusha miwani, akamtazama, akarudi alikotoka kwa ncha za vidole.

"Naingia," Radi akasema. "Ngome yao haina mtu. Mzee, nifunike. Mganga, nakuhitaji. Bila dawa sifiki."

Pasi akatazama ramani. Adui wawili walikuwa wakija upande wa kushoto, kwenye mnara aliojificha Cheche. Akienda na Radi, kijana angebaki peke yake. Akibaki na kijana, Radi angekufa kwenye kizingiti cha ushindi. Vidole vyake vilikuwa na jasho, kioo kikawa kinateleza.

"Shemeji," alisema, "nakuacha."

"Niache."

"Wanakuja wawili. Usife upesi."

"Shemeji, nenda!"

Akaondoka mbio. Alimfikia Radi damu ikiwa imebaki tone, akammwagia dawa kubwa, ile inayopatikana mara chache, na Radi akasimama tena akipiga kelele masikioni mwao. Mishale ikaanza kuila ngome ya adui. Nusu. Robo. Nje, kwa pembe ya jicho, aliona vijana wa karakana wamenyamaza, na shemeji amesimama juu ya benchi bila kujua kwamba amesimama.

Hakumwelekeza tena. Hakuwa na ulimi wa kugawa. Lakini kwenye kona ya ramani aliona kitu ambacho hakumfundisha: Cheche hakuutoka mnara. Aliuzunguka, akawa anamkwepa adui wa kwanza kwa kumweka mnara katikati, akamchosha, akatoka upande usiotazamiwa, akamkata. Maandishi yakapita juu ya kioo: Cheche amemuua adui.

Kelele iliyotoka karakana iliyatikisa mabati.

Adui wa pili hakuhangaika naye. Alimpita, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ngome.

"Mshale mmoja!" Radi alikuwa akipiga kelele. "Mmoja tu, mmoja tu!"

Ngome ikabomoka. Haikuwa ya adui; ilikuwa ya kina Pasi.

Pasi alibaki ameishika simu kama mtu aliyeshika sahani iliyovunjika, asijue aiweke wapi. Hesabu ya mashine ikatokea. Aliyeng'ara upande ulioshindwa: Radi, hakupunguziwa kitu. Mganga alipunguziwa. Zile dawa zote, pamoja na ile kubwa ya mwisho, hazikuwa na safu yake.

"Niliikosa kwa uzi, mchawi," Radi alisema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya mwanzo. "Simshtaki yule. Leo."

"Na mimi nilichoka miguu," akasema Mzee Kobe. "Sijui simu inachoshaje miguu."

Kimya aliandika neno moja, la kwanza tangu mechi ianze: "Pole."

Saa ya duka ikafika kumi na mbili. Msimu ukafungwa.

Ujumbe wa Nahodha ulikuja kabla pasi haijapata moto. "Nilikuwa natazama. Ulipoteza nusu ya mechi ukimlinda mtu mmoja. Sikuelewa kwa nini. Nafasi imekwenda kwa mwingine, sheria si yangu." Pasi aliandika jibu refu kuhusu mashine isiyowahesabu waganga. Akalisoma. Kila neno lake lilikuwa kweli, na bado lilinuka uongo kama nguo iliyokaushwa ndani. Akalifuta. Akaandika: "Alikuwa na cheo nilichompa mimi." Akatuma, akageuza simu kifudifudi.

Shemeji aliingia mbio, hata mlango haukuwahi kumpisha.

"Shemeji! Umeniona? Umeona nilivyouzunguka ule mnara? Niliwaza tu, mwenyewe, nikasema huyu mwili wake mzito, nikimzungusha..." Mikono yake ilikuwa hewani bado ikishika upanga. Kisha akauona uso wake. Mikono ikashuka mmoja mmoja.

"Na wewe?"

"Johari."

"Hakuna nyingine?"

"Msimu umefungwa."

Shemeji alikaa juu ya kapu la nguo chafu, ambalo haliruhusiwi kukaliwa, na mwenye duka aliyekuwa mlangoni akaamua kutokuliona. Pasi akarudi kwenye pasi, mvuke ukapanda.

"Nimewaambia," shemeji alisema mwishowe. "Walikuwa wananibeba juujuu. Nikawaambia nishusheni, ile Johari ni ya shemeji yangu, ya kwangu ni yule mmoja niliyemkata."

"Wakasemaje?"

"Wamerudia kuniita Shaba." Alijaribu kucheka. "Lakini mmoja ameniuliza ule mnara huzungukwaje."

Pasi alivuta koti jeupe, akalitandaza, akatazama namba yake kolani, akaipapasa kama imebana vizuri. Alikuwa na maneno makali mengi, ameyalimbikiza tangu dakika ya kwanza. Alipoyatafuta, aliyakuta yote yana anwani yake mwenyewe.

"Fungua akaunti mpya," alimwambia.

"Sasa?"

"Sasa. Jina jingine. Uanzie Shaba."

Akafungua. Akaanza. Pasi alikuwa na cheo cha juu mno, mchezo usingemruhusu kuingia naye, na hilo kwa mara ya kwanza aliliona ni haki. Angeweza tu kusimama kando na kutazama. Kijana alikwenda kulia palipotakiwa kushoto. Alitoka mapema. Vidole vya Pasi vilimwasha mpaka kwenye mifupa. Simu ilikuwa pale, karibu kuliko kikombe cha maji, na mpumbavu yeyote angeona njia ya kushinda. Akaishika pasi kwa mikono yote miwili, akaikandamiza kwenye koti.

"Nimekufa," shemeji alisema.

"Nimeona."

"Nifanyeje?"

"Subiri," Pasi akamwambia, akigeuza mkono wa koti upande wa pili. "Utarudi. Ukirudi, usikimbie."